Malimbuko ya Kioo

Papa Sebarenzi hajawahi kuiba hata hindi la jirani, na ndiyo maana siku alipochukua kitu kisicho chake alikibeba waziwazi, kwa mikono miwili, akiwa amevaa koti lake la Jumapili, mbele ya kanisa zima la Burungu.

Ilikuwa Jumapili ya malimbuko. Kila nyumba huleta mazao yake ya kwanza ya msimu: maharagwe, mihogo, kuku, jibini kwa wenye ng'ombe. Mchungaji anayaombea, kisha yananadiwa nje ya kanisa, na kinachopatikana kinabaki kwa kazi ya Mungu. Zamani gunia la Papa Sebarenzi lilibebwa na vijana wawili, naye alitembea nyuma yao akijifanya haoni watu wakilitazama. Lakini misimu miwili familia ilikuwa imekimbia vita, ikakaa kambini karibu na Goma, chini ya hema. Waliporudi walikuta nyumba imesimama, mabati yameondoka. Wakapanda kwa kuchelewa. Mwaka huu malimbuko yake, yeye shemasi mzima, yalikuwa kopo la maharagwe, tena halikujaa.

Sasa, jioni ya Jumamosi hiyo, binti yake Umugwaneza akafika kutoka masomoni Afrika Kusini. Alishukia Kigali, akavuka mpaka, akapita Goma na Mubambiro na Sake, akamaliza safari mgongoni mwa pikipiki, matope hadi magotini. Kabla hata hajanawa alitoa kwenye begi kisanduku cheusi kilichotosha kiganjani, akamwonyesha baba yake vipande vinne vya kioo vilivyolala ndani.

“Papa, hii njo ya kwanza kabisa nimetengeneza miye mwenyewe,” alisema. “Kuanzia mwanzo mupaka mwisho, na mikono yangu.”

Jamani. Maneno kama hayo unamwambia nani? Shemasi mwenye kopo lisilojaa, tena jioni ya kuamkia malimbuko!

Asubuhi Umugwaneza alidamka kwenda mji wa Kitchanga kutafuta mtandao, kwa sababu Burungu simu hushika ukipanda kilimani tu, na asubuhi hiyo hata kilimani ilikataa. Kisanduku alikiacha juu ya kabati, mahali alipodhani hakuna atakayekigusa. Aliporudi, ibada ilikuwa imekwisha na baba yake alikaa nje kwenye benchi, miguu ameinyoosha, uso umejaa raha ambayo binti hakuwa ameiona tangu kambini.

“Mutoto wangu, umeniondolea haya,” alisema. “Nimetoa malimbuko yako.”

“Malimbuko gani, Papa?”

“Ile kazi yako ya kwanza. Pastere ameiombea vizuri, bantu bote wakasimama. Kwa vente, ule munada wa inje, ikashinda hata mbuzi.”

Umugwaneza aliingia ndani mbio, akatazama juu ya kabati, akatoka tena. Akakaa chini kwenye majani na nguo zake safi. Baba yake alidhani ni furaha, akamngoja amalize.

Inafaa nieleze kilichokuwa ndani ya kisanduku, ingawa Umugwaneza mwenyewe alikwisha kuchoka kulieleza jambo hilo kwa jamaa zake. Vile vioo vilikuwa taa. Juu ya kila kioo alitandaza matabaka membamba yasiyoonekana kwa jicho, na katikati yake tabaka la chembe ndogo mno ziitwazo nukta za kwanta. Ukipitisha umeme, upande mmoja zinaingia elektroni, na upande wa pili yanaingia matundu, yaani nafasi wazi ambazo elektroni zimeziacha. Vikikutana ndani ya chembe, mwanga unazaliwa. Taabu ni kwamba elektroni zina haraka. Zinafika kabla ya wenzao, zinarundikana, na zile za ziada zinaharibu mambo: nguvu iliyopaswa kuwa mwanga inageuka joto bure. Umugwaneza aliona kwamba taa za aina yake zikifungwa vizuri na kuachwa zipumzike majuma kadhaa, haraka ile inapungua na mwanga unaongezeka. Profesa wake hakukubali. Alisema kwa chembe za aina ile taa ikikaa huchoka tu, haipati nguvu, na pengine binti alichanganya vipande.

Neno “alichanganya” lilimuuma kuliko tusi. Basi akatengeneza vipande vipya mbele ya watu, akavipima siku ileile, akavifunga. Mashine ya kule inayopima mapigo mafupi ya umeme ikaharibika, lakini maabara moja ya Nairobi ilikubali kumpokea baada ya majuma matatu. Wakati vinapumzika, alijiambia, nami nikapumzike nyumbani. Vingine vyote vya kundi hilo vilikwisha kuvunjwa kwa vipimo vya aina nyingine. Hivi vinne vikipotea, hakuna tena wa kumshuhudia, na hakuna udaktari.

“Nani alinunua?” aliuliza alipopata sauti.

“Athanase, ule anapelekaka maharagwe na jibini Walikale na pikipiki. Ameenda moja kwa moja. Amefurahi sana. Anasema ataifunga kwa batri ya muke wake, kule anachargiaka bantu matelefone.”

“Batri gani, Papa?”

“Ile ya gari.”

Taa zile zilitaka volti tatu. Batri ya gari ina kumi na mbili. Umugwaneza alijaribu simu ya Athanase kutoka kilimani mpaka mkono ukachoka, lakini barabara ya Walikale ni msitu mtupu na simu ya mtu aliye njiani haipatikani. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, binti mwenye shahada mbili, na ng'ombe wakageuka kumtazama.

Papa Sebarenzi alielewa polepole, na kadiri alivyoelewa ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Alivua koti, akalivaa tena. “Lakini kitu ukisha kumupa Mungu, haukikimbilie nyuma,” alisema, si kwa ukali, kama mtu anayeomba aambiwe vingine.

Aliyemwambia vingine ni mkewe, Mama Adelaïde, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi. “Mungu haiko na haraka ya taa,” alisema. “Mumupelekee Athanase kitu ingine pa nafasi yake. Nendeni.”

Kitu kingine kilichokuwapo pale nyumbani ni kuku mmoja wa kutaga. Papa Sebarenzi alimfunga miguu, akamweka kifuani chini ya koti. Wakamwita Valens, dereva wa pikipiki wa jirani, wakaondoka: Valens mbele, binti katikati, shemasi na kuku nyuma.

Sitaisimulia barabara ile yote. Aliyeipita anaijua, na asiyeipita hatasadiki. Walipita Mweso, walisukuma pikipiki kwenye utelezi, walivuka magogo yaliyojifanya madaraja. Kwenye vizuizi vijana walitaka kujua mzee amebeba nini kifuani, na kila mara ilikuwa habari ya kuku, mpaka yule ndege akawa ndiye kiongozi wa msafara. Binti alikuwa na hasira, na tuseme ukweli, hasira ile ilimsaidia kushikilia pikipiki. Alikuwa akiwaza jinsi atakavyomwandikia profesa: samahani, ushahidi wangu baba yangu aliutoa sadaka.

Walilala Pinga kwenye ukumbi wa kanisa. Asubuhi, wakinywa chai kwenye mabenchi huku Valens akikaza mnyororo wa pikipiki, baba alijikohoza.

“Pale kanisani pastere aliniuliza, ni kitu gani hii? Nikasema ni taa. Akauliza, inafanyaka nini? Sikujua.” Alitazama kikombe chake. “Miaka yote hii bantu banauliza binti yako anasomaka nini kule. Ninajibuka tu, mambo ya umeme. Uniambie, hata kama tumechelewa.”

Hasira ya Umugwaneza ilikuwa bado ipo, lakini hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyetaka jibu kweli. Alitazama huku na huku, akaona benchi walilokalia.

“Papa, benchi imejaa bantu. Mumoja wa huku mwisho anasimama, anatoka. Ule wa pembeni yake anasogea kwa ile nafasi. Na ule mwingine anasogea vilevile. Sasa, nafasi wazi imefika wapi?”

“Imefika huku kwetu.”

“Lakini nafasi haina miguu.”

Mzee alifikiri, kisha kwa mara ya kwanza tangu Burungu pembe za mdomo wake zikatikisika. “Bantu njo banatembea. Ile nafasi inaonekana tu kama inatembea upande ingine.”

“Tunaiita tundu. Muntu anatoka huku, tundu linatoka kule. Vikikutana, mwangaza. Miye kazi yangu ni kupima nani anawahi kufika, na sababu gani anawahi.”

“Na nani anawahi?”

“Elektroni. Haina subira.”

“Kama wewe,” alisema Papa Sebarenzi, akamalizia chai yake. Umugwaneza alitaka kukasirika akashindwa.

Waliingia Walikale mchana, wakiwa rangi moja na pikipiki. Haikuwa kazi kumpata Brigitte, mke wa Athanase. Kila mwenye simu katika mji ule anamjua. Alikuwa na kibanda cha mbao kando ya barabara, simu zimepangwa kwenye rafu kama wanafunzi mstarini, na chini ya meza batri mbili kubwa za gari zenye nyaya zilizotambaa kila upande. Athanase alikuwa amekaa mlangoni akila ndizi. Alipowaona alisimama kwa mshangao.

“Papa Sebarenzi? Kuna muntu amekufa?”

“Hapana,” alisema mzee. “Bado hatujue.”

Umugwaneza hakungoja salamu. Macho yake yalikwisha kukiona kisanduku, wazi, juu ya meza. Ndani vilikuwa vipande vitatu. Cha nne kilikuwa pembeni, vibano vya waya bado vimekiuma, na katikati ya kioo palikuwa doa jeusi.

Alikichukua, akakishika kwenye mwanga. Kilikuwa kimekufa kabisa. Kwa muda kidogo hakusikia chochote, wala kelele za barabarani, wala kuku.

“Ile moja tulijaribu,” Brigitte alisema, mwanamke mnene, mtulivu, aliyekuwa akizungusha waya mkononi huku akiongea. “Ilifanya vile, kidogo tu, nyekundu, tena ikazima. Bwana yangu akasema tujaribu ya pili. Nikasema hapana. Ungejaribu ya pili, ingekufa, ungetaka ya tatu, ungezimaliza zote. Ninamujua.”

Athanase alitazama ndizi yake.

“Nikafunga sanduku,” Brigitte aliendelea. “Nimefungua leo asubuhi tu, kumuonyesha dada. Nikasema mwenyewe atakuja. Muntu hatengeneze kitu ya namna hii akiinyamazia.”

Umugwaneza aliwasha taa ya simu yake, akakagua ukingo wa kila kipande polepole, gundi yote, kona zote. Hapakuwa na ufa. Lakini gundi inaweza kuonekana nzima na hewa ya msitu ikawa imekwisha kupenya, na unyevu wa Walikale hauombi ruhusa. Njia ya kujua ilikuwa moja. Aliomba mawe mawili ya redio, zile betri ndogo za volti moja na nusu, akayaunganisha kwa kipande cha waya, akagusisha ncha kwenye kioo cha kwanza. Baba yake akamshika kifundo cha mkono kumtulizia.

Mraba mdogo mwekundu ukawaka. Haukuwa mkubwa kuliko punje ya harage, lakini ulikuwa mwekundu safi, sawasawa hadi kwenye kingo, bila hata alama moja nyeusi ya unyevu. Akagusa cha pili, kikawaka. Akagusa cha tatu, nacho kikawaka.

Akaachia waya, akakaa sakafuni mwa kibanda cha watu na kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hewa aliyokuwa ameibana tangu Jumapili ikamtoka yote. Ilionekana kwake kwamba zinawaka zaidi ya siku alipozitengeneza, lakini alijikataza kuliamini hilo. Jicho la mwenye shida huona linachotaka. Ilitosha kwamba ziko hai. Alihisi njaa ghafla, njaa kali ya siku mbili, na Athanase akampa ndizi zilizobaki.

Habari ya kurudisha haikuwa na ubishi. Papa Sebarenzi alisimama wima, akafungua koti, akamtoa kuku kwa heshima zote, akaeleza kwamba kilichotolewa kwa Mungu hakichukuliwi hivi hivi, na kwamba huyu anataga. Brigitte alimpokea, akampima uzito kwa mkono, akasema ni kuku mzuri, ila amechoka. Athanase akaongeza kwamba, kwa upande wake, yeye kwa Mungu alikuwa amekwisha kulipa, na kwamba hata taa ya dakika ile moja ilikuwa nzuri kuiona.

“Ile moja imekufa,” baba alimwuliza binti yake walipokuwa wakingoja Valens, “ilikuwa ya lazima?”

“Tatu zinatosha, Papa.”

“Ninauliza ile.”

Hakutaka kumdanganya. “Nne ingekuwa muzuri zaidi. Lakini tatu zinatosha.”

Papa Sebarenzi aliitikia kwa kichwa. Alichukua kile kioo kilichokufa, akakifuta kwa shati lake, akakitia mfukoni mwa koti. Hakusema tena lolote kuhusu jambo hilo, si njiani wala walipofika nyumbani, na Umugwaneza, akiwa na raha yake, hakumwuliza. Juma lililofuata alifunga safari kwenda Nairobi, kisanduku kimefungwa tumboni chini ya nguo.

Kule mashine ilikuwa nzima. Alipeleka umeme kwa mapigo mafupi kuliko kupepesa jicho, akapima mwanga unachelewa kiasi gani kuanza baada ya kila pigo, na elektroni ngapi zinapita bure bila kukutana na mwenzake. Alipima cha kwanza, akanywa maji. Alipima cha pili. Alipofika cha tatu hakuhitaji tena kukaza macho. Mistari mitatu ilipanda kwenye kioo cha kompyuta karibu sawasawa, juu kabisa ya mistari ya siku ya kwanza. Haraka ya elektroni ilikuwa imepungua kama alivyosema, na hakuchanganya chochote.

Alimtumia profesa michoro bila maneno. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana: “Nilikosea. Anza kuandika.” Alilisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za maabara, akaona jinsi mabega yake yalivyokuwa yamepanda karibu na masikio, labda kwa mwaka mzima, akayashusha.

Akapiga simu Burungu. Bahati nzuri wazazi wake walikuwa kilimani, mahali mtandao unaposhika, wakiwangoja ng'ombe. Mama Adelaïde ndiye aliyepokea.

“Imekuwa muzuri, Mama. Bamekubali.”

Mama akasema kwa sauti ya chini, kama anayejificha, “Umuambie wewe mwenyewe. Tangu mulitoka Walikale, Papa yako halalake. Anageuka, anaamuka, anaenda kukaa na ng'ombe. Nikimuuliza, ananionyesha kile kioo. Anasema, kama zile tatu hazitoshe, nimemuzikia mutoto kazi yake.”

Umugwaneza aliziba mdomo. Alikuwa amemwambia tatu zinatosha, akadhani ameaminiwa.

Simu ilikwaruza, ikafika kwa baba. “Ndiyo,” alisema Papa Sebarenzi, sauti ya mtu aliyejiandaa kwa lolote.

“Papa, zilitosha. Zote tatu zimesema jambo moja. Profesa ameandika kwamba yeye njo alikosea.”

“Zilitosha.”

“Zilitosha kabisa. Hata kama ingebaki moja tu, ingetosha.”

Alisikia pumzi ndefu, kisha ukimya. Akaogopa ukimya ule, akaanza kuujaza: alieleza jinsi mapigo yalivyopimwa, jinsi mwanga ulivyochelewa mwanzoni na sasa unavyowahi, jinsi tabaka la elektroni lilivyotulia lilipoachwa lipumzike, na kwa nini ilibidi kungoja, maana usipongoja huoni. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha nyumbani, vizuri kuliko alivyowahi kueleza mbele ya walimu. Alipofika kwenye matundu alisimama, akauliza, “Papa, unanisikia?”

Aliyejibu ni upepo wa kilimani, na chini ya upepo, karibu kabisa na simu, mkoromo mzito, wa taratibu, wa mtu aliyelala kwenye majani mchana kweupe na koti lake mwilini.

Simu ikakwaruza tena. “Amelala,” Mama Adelaïde alinong'ona. “Uendelee, miye ninasikiliza.”